Ngazi ya Kwanza, Ukiwa Peke Yako

Matangazo ya kazi za msaada wa kiufundi zinazofanyiwa nyumbani yana ahadi mbili zinazorudiwa mno: "uzoefu si lazima" na "fanya kazi popote ulipo". Vijana wa Nairobi, Dar es Salaam, Kampala na Kigali huzipokea kama neema mbili kwa mpigo. Mimi naziona zinavutana. Asiye na uzoefu anahitaji mtu wa kumwangalia, na anayefanya kazi popote alipo hana mtu huyo. Karibu kila ugumu wa kazi hii unatokana na mvutano huo, na mwajiri anayejifanya hauoni humwachia mgeni kazini abebe gharama yake.

Kwanza kazi yenyewe, maana wengi huiwazia sivyo. Mwombaji hudhani atatengeneza kompyuta za watu kwa mbali. Siku nyingi hatatengeneza chochote. Ngazi ya kwanza hupokea yule aliyesahau nywila, aliyekatwa malipo mara mbili, ambaye printa yake haionekani, ambaye programu yake inafunguka kisha inajifunga yenyewe. Mhudumu huuliza, hujaribu hatua zilizomo kwenye hazina ya majibu ya kampuni, na zikigonga mwamba huandika alichokiona na kuipandisha tiketi, yaani rekodi ya ombi la mteja, kwa ngazi ya pili. Anaweza kumaliza zamu nzima bila kugusa mpangilio wa mashine hata mmoja.

Ustadi wenyewe uko kwenye maswali. Mteja anaandika neno moja: "Haifunguki." Mgeni atampelekea hapo hapo hatua saba za kusafisha kivinjari. Mzoefu atamuuliza kwanza: haifunguki kwenye simu au kwenye kompyuta? Mara ya mwisho ilifunguka lini? Skrini imeandika nini? Na mwenzako hapo ofisini, kwake inafunguka? Hilo la mwisho ndilo ninalolipenda kuliko yote. Kama kwa mwenzake inafunguka, tatizo liko kwenye akaunti au mashine ya huyu mmoja. Kama haifunguki kwa wote, tatizo liko kwenye huduma au mtandao, na kumsumbua mteja asafishe kivinjari ni kumpotezea asubuhi yake.

Hata saa ina mtego wake, hasa kwetu. Mteja wa Morogoro anasema hitilafu ilianza saa mbili asubuhi. Kumbukumbu za seva nyingi huandikwa kwa saa za UTC, saa ya rejea ya dunia, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake. Saa mbili ya Morogoro ni 08:00 kwenye kompyuta ya mteja na 05:00 kwenye kumbukumbu za seva. Mhudumu anayepekua 02:00, au hata 08:00, hatakuta kitu. Atamjibu mteja kwamba mfumo ulikuwa sawa, na mteja ataelewa kwamba ameitwa mwongo kwa adabu.

Halafu kuna maandishi. Tiketi ikipanda, anayeipokea hamwoni mteja wala hamwoni mhudumu. Anaona aya tu. Nimesoma aya nyingi za namna hii: "Mteja analalamika mfumo haufanyi kazi. Nimemwelekeza lakini haijasaidia." Hapo ngazi ya pili italazimika kuanza upya, na mteja ataulizwa yale yale kwa mara ya pili, jambo linalomkera kuliko hitilafu yenyewe. Linganisha na hii: "Tangu 05:00 UTC leo, watumiaji watatu wa ofisi moja hawaingii, walio nje ya ofisi hiyo wanaingia. Ujumbe: muunganisho umekataliwa. Tumejaribu kivinjari kingine na intaneti ya simu. Kwa intaneti ya simu inafunguka. Nashuku ruta ya ofisi." Mwandishi wa hii hajatatua tatizo, lakini amemaliza kazi yake, na kwa maoni yangu huyo ndiye anayestahili kupandishwa cheo, kabla ya yule anayefunga tiketi nyingi kwa siku.

Upande wa huduma nao una utaratibu wake, ingawa wanaouandikia mwongozo mara nyingi huuharibu. Mama anapiga simu: "Mwanangu, hela yangu imeenda kwa mtu nisiyemjua." Mwongozo unamtaka kijana aseme, "Mpendwa mteja, tunathamini muda wako." Kijana mwenye akili anasema, "Shikamoo mama. Pole sana. Umetuma muda gani?" kisha anaendelea na kazi, kwa sababu katika kurudisha pesa kila dakika inayopita inampa yule mwingine nafasi ya kuzitoa. Pole moja ya kweli, swali linaloonyesha kwamba umesikia, na ahadi yenye saa: "Nitakupigia kabla ya saa tisa, hata kama bado hatujapata jibu." Ahadi hiyo ya mwisho hutuliza watu wengi kuliko maneno matamu, mradi saa tisa ikifika simu ipigwe.

Je, mambo haya hufundishwa wapi? Vyeti vipo. CompTIA A+ ina mitihani miwili. Cheti cha msaada wa TEHAMA cha Google kilianza mwaka 2018 na kinasomwa mtandaoni. Vyote vinafaa, na vyote vitakueleza DNS ni nini na kwa nini printa haionekani. Namna ya kumuuliza mteja aliyekasirika swali la tatu bila kumwongezea hasira haimo. Hiyo hujifunzwa kama kijana wa gereji anavyojifunza akimshikia fundi taa: anaona mkono unapoenda, anasikia fundi akiguna, na siku moja anaguna yeye kabla ya fundi. Kwenye chumba cha simu taa hiyo ni sikio. Unamsikia jirani akimshusha mteja pumzi, unajua sasa amepata, na kesho unaiba swali lake.

Ndiyo maana utafiti unaotajwa sana kutetea kazi za nyumbani unapaswa kusomwa mpaka kwenye masharti yake. Nicholas Bloom na wenzake waliufanya katika kituo cha simu cha Ctrip, kampuni ya usafiri ya China, kwa miezi tisa kuanzia mwishoni mwa 2010, na ukachapishwa mwaka 2015. Wahudumu 249 waligawanywa kwa siku za kuzaliwa: wa tarehe shufwa wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa wiki, wa tarehe witiri wakabaki ofisini. Utendaji wa walio nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, sehemu kubwa ikitokana na kukaa kazini dakika nyingi zaidi, na walioacha kazi walipungua kwa nusu. Hayo ndiyo yanayonukuliwa.

Yasiyonukuliwa ni haya. Ili kuingia kwenye jaribio ilibidi mtu awe amekaa kazini angalau miezi sita, awe na intaneti ya kasi nyumbani, na awe na chumba chake mwenyewe. Wageni kabisa hawakuhusika. Waliofanyia kazi nyumbani, ukiwalinganisha na wenzao wa kiwango kilekile cha utendaji, walipandishwa vyeo mara chache zaidi. Na waliporuhusiwa kuchagua upya, takriban nusu ya waliokuwa nyumbani waliomba kurudi ofisini, sababu kubwa ikiwa upweke. Kwa hiyo utafiti huo unatuambia kwamba kazi ya simu inafanyika vizuri nyumbani kwa mtu ambaye tayari anaijua. Kumchukua kijana aliyeajiriwa Jumatatu, kumtumia laptopu kwa basi, na kutaja Ctrip kama ushahidi ni kuuzungumzia utafiti mwingine ambao haujafanywa na Bloom.

Hatari kubwa ya upweke huo haiko kwenye hisia, iko kwenye usalama. Kazi ya kubadilisha nywila ndiyo rahisi kuliko zote, na ndiyo mlango wanaoutafuta wezi. Mnamo Agosti 2023 kampuni ya Marekani ya Clorox, watengenezaji wa dawa za kusafishia, ilishambuliwa mtandaoni na uzalishaji ukayumba. Julai 2025 iliishtaki Cognizant, kampuni iliyokuwa ikiiendeshea dawati la msaada, ikidai fidia ya dola milioni 380. Kwa madai ya Clorox, mshambuliaji alipiga simu akijifanya mfanyakazi, akaomba nywila, naye mhudumu akampa bila kuthibitisha yeye ni nani. Cognizant imekana lawama, ikisema ilikabidhiwa dawati la msaada tu na si ulinzi wa mifumo. Mahakama itaamua ya kwake. Mimi ninachoona ni mtu wa ngazi ya kwanza aliyefundishwa kutwa kucha kuwa mwepesi wa kusaidia, anayepimwa kwa tabasamu la mteja, na sasa ana sekunde chache za kuamua kumkatalia mtu anayesikika ana haraka. Ofisini angefunika kinasa sauti kwa kiganja na kumnong'oneza jirani, "Hebu sikia huyu." Nyumbani, saa saba usiku, atamnong'oneza nani?

Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa: sheria isiyo na huruma ya kumpigia anayeomba nywila kwa namba iliyoko kwenye rekodi za kampuni, na uhakika kwa mhudumu kwamba hataadhibiwa kwa kumchelewesha mkurugenzi halisi. Lile la pili ndilo linalokosekana. Kampuni huandika sheria, kisha humpa alama mbaya aliyeifuata.

Alama zenyewe, hasa za muda wa kuwa mtandaoni, zinahitaji maelezo, kwa sababu wageni huziona kama uonevu mtupu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Kidenmarki aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alionyesha mwanzoni mwa karne iliyopita, katika maandishi yake ya 1909 na 1917, jinsi foleni za simu zinavyokwenda. Chukua simu 90 kwa saa, kila moja ya dakika 6. Hiyo ni kazi ya watu 9 wasiopumua. Ukiwa na watu 11, foleni inatembea. Wakiwa 10 inaanza kurefuka. Wakibaki 9 haina mwisho, itakua tu hadi wateja wakate tamaa. Kutoka 11 hadi 9 ni watu wawili tu, na watu wawili ni mtaa mmoja uliokatika umeme. Msimamizi anayekuuliza kwa nini ulitoka mtandaoni dakika kumi ana hesabu hiyo kichwani, hata kama hajui jina la Erlang.

Lakini basi swali ni nani anayelipia hizo dakika kumi. Ofisini jenereta ni ya mwajiri. Nyumbani betri, inveta, laini ya pili ya intaneti na bando la dharura ni vya mhudumu, na mara nyingi mkataba uko kimya. Sekta hii ilipata uhai kwetu baada ya nyaya za baharini kufika: SEACOM ilianza kazi Julai 2009, EASSy ikafuata 2010, na kabla ya hapo vituo vya simu vya Nairobi vilitegemea setilaiti, ya bei ghali na yenye kuchelewesha sauti. Nyaya hizo hizo mbili zilipokatika tarehe 12 Mei 2024, intaneti ilizorota kuanzia Tanzania hadi Rwanda. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima iliingia gizani. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania kwa siku kadhaa. Uganda ilikuwa imefanya hivyo Januari 2021. Hakuna kijana wa ngazi ya kwanza anayeweza kununua betri ya kumkinga na uamuzi wa serikali, na mteja wa ng'ambo hana haja ya kujua sababu. Anaona tu kwamba hakujibiwa. Mwajiri makini huweka watu wake katika miji na nchi tofauti ili mmoja akizimika mwingine apokee. Asiye makini humkata mshahara aliyezimika.

Kuhusu usiku nitakuwa mfupi, maana kila aliyefanya zamu anajua. Mteja wa London yuko karibu nasi, saa mbili au tatu nyuma. Wa New York akianza kazi saa tatu asubuhi kwake, Nairobi ni saa kumi jioni wakati wa kiangazi chao na saa kumi na moja jioni wakati wa baridi. Siku ya kazi ya California wakati wa kiangazi ni saa moja usiku hadi saa tisa usiku kwetu. Na kwa kuwa Wamarekani husogeza saa zao Machi na Novemba, nasi hatuzisogezi, zamu ya mtu wa Mombasa hubadilika mara mbili kwa mwaka kwa amri ya Bunge la Washington. Familia haielewi kwa nini mwenye kazi analala mchana, na jogoo wa jirani haelewi kabisa.

Sasa mashine. Wengi wanasema akili mnemba itaimaliza ngazi ya kwanza, na ushahidi unachanganya. Erik Brynjolfsson, Danielle Li na Lindsey Raymond waliwafuatilia wahudumu zaidi ya 5,000 wa msaada wa kiufundi kwa njia ya maandishi, wengi wao wakiwa Ufilipino, wakihudumia wafanyabiashara wadogo wa Marekani. Walipopewa programu inayowapendekezea majibu wakati wakizungumza na mteja, idadi ya matatizo waliyotatua kwa saa ilipanda kwa asilimia 14 kwa wastani, kwa hesabu ya toleo la kwanza la Aprili 2023. Kwa wageni na wenye ustadi mdogo ilipanda kwa asilimia 34. Kwa mahiri haikubadilika sana. Mgeni wa miezi miwili mwenye programu alifanya kazi sawa na mtu wa zaidi ya miezi sita asiye nayo.

Ukiyatazama vizuri matokeo hayo, yanahusu ujirani. Programu ilikuwa imejifunza kutokana na mazungumzo ya watangulizi, hasa waliokuwa wakifaulu, na ikawa inamnong'oneza mgeni maswali yao. Ilikuwa inafanya, kwa sehemu, kazi ya yule aliyekaa kiti cha pili. Nalo ni jambo jema kwa kijana aliyeko Eldoret peke yake. Ila wale mahiri ambao mazungumzo yao yaliifunza mashine hawakupata faida kubwa wenyewe, na sijaona mkataba wowote wa kituo cha simu unaowalipa kwa hilo.

Upande wa pili ni Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden. Februari 2024 ilitangaza kwamba msaidizi wake wa akili mnemba alikuwa amebeba mazungumzo milioni 2.3 katika mwezi wa kwanza, kazi ya wahudumu 700. Mwaka uliofuata mkurugenzi wake, Sebastian Siemiatkowski, alikiri kwamba ubora ulishuka, na kampuni ikaanza tena kutafuta binadamu, wanaofanyia kazi mbali. Watu walishangilia mno habari hiyo. Mimi inanitia wasiwasi wa namna nyingine: tiketi zilizochukuliwa na mashine ni zile rahisi, na hizo ndizo mgeni alikuwa akijifunzia. Anayeajiriwa leo anakutana na mteja ambaye tayari ameshazungushwa na mashine, ana hasira, na tatizo lake ni lile ambalo hazina ya majibu haina. Mshahara umebaki wa ngazi ya kwanza, kazi imekuwa ya ngazi ya pili.

Kwa hiyo anayeniuliza kama achukue kazi hii, simuulizi anajua kompyuta kiasi gani. Namwambia aende kwenye usaili na maswali yake. Wiki nne za kwanza nitasikiliza simu za nani, na nani atasikiliza zangu? Nikikwama saa sita usiku, namwandikia mtu gani kwa jina, na ana dakika ngapi za kunijibu? Hazina ya majibu inaandikwa na nani, na ngazi ya kwanza inaruhusiwa kuirekebisha? Umeme ukikatika, saa hiyo ni ya nani? Katika watu mliowapandisha mwaka uliopita, wangapi walikuwa nyumbani? Na suala la ada lisiwe na mjadala: anayekuomba pesa ya usajili, ya mafunzo au ya vifaa kabla ya mkataba hana kazi, ana mtego.

Kampuni zinazoyajibu maswali hayo vizuri zipo, nami nimeona zinavyofanya. Huacha chumba cha sauti wazi zamu nzima, mhudumu anaingia na kuuliza kwa sauti bila kuandika ombi. Huwaoanisha wageni na wazoefu kwa miezi mitatu, na muda wa mzoefu kufundisha huhesabiwa kama kazi, haukatwi kwenye alama zake. Wanaoishi mji mmoja huwakutanisha ofisini siku mbili kwa wiki mwanzoni, kisha huwaachia. Kila Ijumaa mtu wa ngazi ya pili huchukua tiketi tano zilizopanda, huzisoma mbele ya wote, na huonyesha swali gani moja lingeizuia kila moja isipande. Gharama za mambo hayo huonekana kwenye vitabu vya kampuni mwezi ule ule, na ndiyo sababu waajiri wengi hawazitaki.